Kalamu ya Mwanetu na Mkataba wa Kurasa Mbili

Mtoto anayechora hupokewa kwa namna mbili katika nyumba zetu. Wapo wazazi wanaomwambia aache mchezo akasome, na wapo wanaomsifu, wakabandika mchoro wake ukutani, kisha wakasahau. Ni wachache wanaomuuliza swali ambalo mwanagenzi wa useremala au ushonaji huulizwa mapema: kazi hii itauzwaje, itauzwa kwa nani, na ikishauzwa itabaki kuwa ya nani? Sisi, baba na mama wa binti mwenye umri wa miaka 20, tulilazimika kulijibu swali hilo mwaka huu. Tunaandika kwa sababu vijana wetu wanaochora wanaongezeka, na nyumba nyingi zaidi zitabishiwa hodi na jambo kama lililotufika.

Binti yetu huchora hadithi za katuni. Mhusika wake mkuu ni msichana wa madrasa, mwenye mtandio na baiskeli kuukuu ya babu yake, anayezunguka mitaani akipatanisha majirani waliogombana. Alianza kumchora nyuma ya daftari la hesabu, akaendelea naye kwa miaka mitano, hata watoto wa mtaa wetu wakawa wanamjua msichana yule kama wanavyojuana wao kwa wao. Ndipo mchapishaji mmoja, ambaye hatutamtaja, alipoziona kurasa hizo, akazipenda, akaleta mkataba wa kurasa mbili.

Fedha alizoahidi zilikuwa za mkupuo mmoja, na hazikuwa haba. Zingelipa karo ya wadogo zake wawili kwa mwaka mzima, na kitu kingebaki. Lakini kifungu cha nne kilisema kwamba mhusika, jina lake, sura yake na hadithi zake zote, zilizokwisha kuchorwa na zitakazochorwa, vitakuwa mali ya mchapishaji daima, katika kila lugha na kwa kila njia ya kuchapisha iliyopo na itakayokuja. Tulipewa wiki moja ya kutia saini.

Kabla hatujafika kwenye fedha, bibi yake aliuliza swali lake. Alitaka kujua kama kuchora viumbe ni kazi ya kumlisha Muislamu. Hatukulipuuza, kwani riziki huanza kuchunguzwa kwenye chanzo chake. Tulimwendea shekhe wa msikiti wetu, naye akatueleza kwa utulivu kwamba wanavyuoni wametofautiana. Wapo wanaokataza kila picha ya chenye roho, na wapo wanaotenganisha kati ya sanamu linalotukuzwa na mchoro wa kufundishia watoto. Hawa wa pili hutaja, pamoja na dalili nyingine, hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim kuhusu wanasesere aliochezea Bi Aisha (R.A.) nyumbani kwa Mtume (S.A.W.). Shekhe alitukumbusha pia kwamba picha ndani ya kitabu si jambo geni katika historia ya Waislamu: mwaka 1237 Yahya al-Wasiti alinakili Maqamat za al-Hariri na kuzipamba kwa picha za watu, misikiti, masoko na misafara, na nakala hiyo imehifadhiwa Paris hadi leo. Hakutulazimisha upande. Alimtaka binti yetu achague kwa elimu, aepuke kuchora lisilo na staha, na asithubutu kuwachora Mitume. Bibi aliridhika, ingawa hadi leo haweki michoro hiyo katika chumba anachosalia.

Lilibaki suala la mkataba. Hapo tuligundua kwamba wengi wetu tumelelewa na katuni bila kuwajua waliozichora. Muulize mtu wa rika letu hapa Tanzania kuhusu Ndumilakuwili au Lodi Lofa wa jarida la Sani, atacheka kabla hujamaliza kuuliza. Muulize ni mkono wa nani uliowachora, wengi watanyamaza. James Gayo ni miongoni mwa wachache ambao jina lao limetembea pamoja na mhusika wao, Kingo. Nchini Kenya, Edward Gitau alimchora Juha Kalulu katika gazeti la Taifa Leo kwa miongo mingi, na wasomaji wakamzoea Juha kama jirani. Mhusika huingia nyumbani kwetu, hula nasi na kuzeeka nasi. Aliyemzaa hubaki nje ya mlango. Kama hali ni hiyo kwa jina tu, tulijiuliza, itakuwaje kwa malipo?

Jibu la swali hilo limeandikwa katika kisa kinachojulikana kuliko vyote katika historia ya kazi hii. Vijana wawili wa mji wa Cleveland, Marekani, Jerry Siegel aliyeandika na Joe Shuster aliyechora, walimbuni Superman. Mwaka 1938 waliuza haki zake kwa dola 130, yaani dola 10 kwa kila ukurasa wa hadithi ya kurasa 13. Fedha hizo waliziona ni nyingi, kwa kuwa walikuwa vijana na nyakati zilikuwa ngumu. Mhusika yule akaingia redioni, kwenye filamu, kwenye mavazi na kwenye vitu vya kuchezea watoto. Wao wakaenda mahakamani na hawakurejeshewa umiliki wa Superman. Waliishia katika dhiki, na macho ya Shuster yakawa dhaifu mno. Mwaka 1975 tu, baada ya Siegel kulalamika hadharani na wachoraji wenzao kuwaunga mkono, kampuni iliyokuwa ikimiliki Superman ilikubali kuwapa kila mmoja dola 20,000 kwa mwaka na kurudisha majina yao kwenye kazi yao. Ilikuwa imepita miaka 37.

Tulimsomea binti yetu kisa hicho, naye akauliza jambo ambalo lilitunyamazisha: "Lakini Baba, si waliuza kwa hiari yao? Dhulma iko wapi?"

Swali hilo ni la haki, na halijibiwi kwa hasira. Ni kweli kwamba Uislamu unaheshimu mkataba uliofungwa kwa ridhaa. Lakini dini hiyohiyo imeweka masharti ya ridhaa. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 katika Suratul Baqarah, haizungumzii vita wala mirathi. Inazungumzia kuandikiana: mwandishi awe muadilifu, pawepo mashahidi, na asiyeweza kusema kwa nafsi yake asemewe na msimamizi wake kwa uadilifu. Nabii Shuaib (A.S.) aliwaonya watu wake wasiwapunje watu vitu vyao. Na fiqhi yetu ya biashara ina tahadhari kubwa juu ya kuuza kisichojulikana, kama samaki aliye bado majini, kwa kuwa mmoja kati ya muuzaji na mnunuzi huenda akaumia pasipo kujua alichokubali. Shekhe hakutoa fatwa juu ya karatasi yetu. Alituuliza tu: "Hadithi atakazozichora akiwa na umri wa miaka 40, anazijua leo? Kama hazijui, anaziuza kwa bei gani?"

Wapo wanaodhani kwamba haki ya mtunzi ni jambo la Wazungu, na kwamba fikra ikishatoka kichwani ni ya kila mtu. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikwisha kulizungumza jambo hili katika kikao chake cha Kuwait, Desemba mwaka 1988. Liliamua kwamba haki za utunzi na ubunifu zina thamani ya mali kisharia, kwamba wenyewe wana uwezo wa kuziuza au kuzihawilisha iwapo hakuna utata wala udanganyifu, na kwamba haijuzu kuzivamia. Kwa hiyo mchoro wa binti yetu ni mali, kama lilivyo shamba. Na shamba, kila mzee wa kwetu anajua, laweza kukodishwa msimu mmoja bila kuuzwa.

Sheria za nchi zinasema jambo la karibu na hilo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania Bara ni ya mwaka 1999, ya Zanzibar ni ya mwaka 2003, na ya Kenya ni ya mwaka 2001. Kazi hulindwa tangu inapotungwa, hata kama haijasajiliwa, ingawa usajili husaidia kuthibitisha pale mgogoro unapozuka. Hapa Bara ulinzi hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake, na hivyo haki hizo huingia katika mirathi. Tulitulia kidogo tulipoielewa nukta hiyo. Mkataba ule haukumhusu binti yetu peke yake. Uliwahusu wajukuu wetu ambao hawajazaliwa.

Wakili mmoja, jamaa wa msikitini, alitufafanulia kwamba haki ya mtunzi si kitu kimoja. Ni kama fungu la kuni: waweza kumpa mtu kijiti kimoja na kubaki na vingine. Kuna haki ya kuchapisha kitabu, haki ya kukitafsiri, haki ya kukigeuza filamu, na haki ya kuweka sura ya mhusika kwenye madaftari na mikoba ya shule. Mchapishaji wetu alikuwa anataka kulipia kijiti kimoja na kuondoka na fungu zima.

Je, kuna njia nyingine? Ipo, na wapo walioipita. Mwaka 1984 Kevin Eastman na Peter Laird, huko New Hampshire, Marekani, walichapisha wenyewe kitabu cha katuni cha rangi nyeusi na nyeupe, nakala zipatazo 3,000, kwa fedha walizojikusanyia na mkopo wa mjomba wa Eastman. Wahusika wao walikuwa kobe wanne wapiganaji, ambao baadaye walienea ulimwenguni. Laird alipouza haki hizo mwaka 2009 bei ilikuwa takriban dola milioni 60. Naye aliuza, kama Siegel na Shuster. Tofauti ni kwamba aliuza akiwa anajua thamani ya anachokiuza.

Kisa kilichotugusa zaidi ni cha Jeff Smith wa Ohio. Mwaka 1991 alianza kuchapisha mwenyewe hadithi iitwayo Bone, na mkewe, Vijaya Iyer, akaacha kazi yake nzuri ya kampuni ili asimamie uchapishaji, hesabu na usambazaji. Mume alichora, mke aliendesha biashara. Walifika toleo la 55 mwaka 2004, na hadithi nzima ikakusanywa katika kitabu kimoja cha kurasa zaidi ya 1,300. Mwaka uliofuata kampuni kubwa ya vitabu vya watoto ilianza kuitoa kwa rangi, na ikabidi ikubaliane na wenye mali. Tuliposoma habari hiyo tulitazamana. Sanaa ile ilikuwa na nyumba nyuma yake.

Na kwa kuwa binti yetu ni Muislamu mwenye kujistiri, tulimtafutia mfano wa karibu naye. Huko Misri, Deena Mohamed alianza mwaka 2013, akiwa kijana mdogo, kuchora katuni za Qahera, mwanamke shujaa mwenye hijabu. Baadaye alichora Shubeik Lubeik, hadithi ya mji wa Cairo ambako matakwa ya moyo huuzwa dukani kama bidhaa. Sehemu ya kwanza aliichapisha mwenyewe kwa Kiarabu, akaipeleka kwenye tamasha la katuni la Cairo mwaka 2017, ikapata tuzo kuu. Ndipo mchapishaji wa Misri akaichukua, na mwaka 2023 ikatoka kwa Kiingereza huko Marekani, ikiwa imetafsiriwa na yeye mwenyewe na bado inasomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Kitabu kilikwenda lugha kwa lugha, mchapishaji kwa mchapishaji. Kama angekuwa ametoa kila lugha na kila njia kwa mkupuo siku ya kwanza, asingekuwa na cha kujadili siku ya pili.

Hatutaki kumpamba msomaji kwa mifano ya waliofaulu peke yao. Eastman huyohuyo wa kobe alianzisha mwaka 1990 kampuni ya kuwachapishia wachoraji kwa masharti ya ukarimu. Haikudumu miaka mingi, na ilimpotezea mamilioni ya dola. Uhuru hauondoi hasara, bali humwonyesha mtu hasara yake ni ipi. Anayejichapishia hubeba gharama za karatasi, za wino, za nakala zinazorudi zimekunjamana, na za wenye maduka wanaolipa kwa miezi. Wapo wachoraji wengi ambao mkataba wa haki na mchapishaji mwaminifu ungewafaa kuliko kuhangaika peke yao. Mchapishaji si adui. Adui ni kifungu kisichosomwa.

Usiku wa sita tulikaa sote watano sebuleni baada ya Isha. Tuliweka mambo mezani kama yalivyo, pamoja na karo. Mdogo wake wa kiume, mwenye umri wa miaka 15, alisema kwamba kama dada atauza kwa ajili yake, yeye hataki kuwa sababu ya majuto yake. Hatukumwamulia binti yetu. Yeye ni mtu mzima, na mali ni yake. Katika dini yetu mwanamke ana haki kamili ya kumiliki na kukataa kuuza, na haki hiyo haipungui kwa sababu baba ana madeni.

Alikataa kuuza, lakini hakufunga mlango. Wakili alimsaidia kuandika pendekezo: mchapishaji apate haki ya kuchapisha kitabu cha kwanza kwa Kiswahili kwa miaka mitatu, amlipe mrabaha kwa kila nakala pamoja na kianzio kidogo, jina lake liwe kwenye jalada, hesabu zitolewe kila miezi sita, na haki nyingine zote zibaki kwake. Mchapishaji alijibu kwa sentensi moja. Alisema wachoraji wako wengi.

Binti yetu alilia siku mbili. Kusimama na haki kuna gharama, na wakati mwingine gharama yenyewe ni fedha ambazo ulikuwa umekwisha kuzipangia kazi. Karo ya muhula huo tulilipa kwa awamu, baada ya kwenda shuleni kuomba subira.

Shangazi yake alimkopesha bila riba, karadha njema, akaandikiana naye mbele ya mashahidi wawili ingawa ni damu moja. Kwa mkopo huo alichapa nakala 300, rangi nyeusi na nyeupe, jalada tu likiwa na rangi, kurasa zikabanwa kwa pini. Mdogo wake akawa mtunza hesabu, na daftari lake ni kali kuliko la benki. Walipeleka nakala madrasa, kwenye maduka mawili ya vitabu na katika mikusanyiko ya akina mama. Hadi tunapoandika haya zimeuzwa 210. Mkopo wa shangazi umelipwa, na faida iliyopatikana inatosha sare za shule lakini haitoshi karo. Kitabu cha pili kinachorwa. Hatujui kama ataishi kwa kazi hii. Amejiandikisha pia chuo cha ualimu, na tumefurahi, kwani hata wachoraji wakubwa wengi walikula kwa mkono wa pili huku wa kwanza ukichora.

Mzazi mwenzetu, kama una mtoto wa aina hii, tunakuomba mambo machache. Mnunulie daftari la michoro na daftari la hesabu siku moja. Mzoeze kuweka jina lake na tarehe katika kila ukurasa, na kuhifadhi michoro asilia. Akiletewa mkataba, usimruhusu yeyote amharakishe, na usimharakishe wewe kwa sababu ya shida za nyumbani. Tafuteni anayejua sheria, kisha muulize maswali manne: kinachouzwa ni nini, ni kwa muda gani, ni kwa lugha na njia zipi, na haki zitarudi lini. Jibu la swali la mwisho likiwa ni "kamwe", basi bei iwe ya kitu kisichorudi.

Na kwa ndugu zetu wachapishaji, ambao miongoni mwao wamo Waislamu wenye kuswali safu moja nasi: mafunzo ya Mtume (S.A.W.) ni kwamba mfanyakazi alipwe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Jasho la mchoraji huonekana kwenye karatasi kila kitabu kinapofunguliwa, hata baada ya miaka 50.